Kabla Hujailaumu Kampuni: Mambo ya Kuangalia Waifai ya Fleti Inapokatika-katika

Waifai ikianza kusuasua, wengi hukimbilia kupandisha kifurushi au kununua ruta mpya. Tulia kwanza. Hela ikishatoka hairudi, na mara nyingi tatizo hubaki palepale.

Cha kwanza kabisa, jua kinachokatika ni kipi. Ruta inaongea na kampuni kwa upande mmoja na inaongea na simu yako hewani kwa upande wa pili. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo ya mtandao, uitumie saa zilezile zenye usumbufu. Kwa kebo mambo yakienda vizuri na hewani yakigoma, kampuni haina kosa, shida iko humo ndani ya fleti yako. Hata kwa kebo ikikatika, acha kuhangaika kuhamisha ruta huku na huko. Kama huna kebo, kaa mita moja au mbili kutoka kwenye ruta ukiwa na simu moja tu, vifaa vingine vyote vimezimwa. Si kipimo kamili, lakini kinatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Ruta isikae sakafuni, wala nyuma ya televisheni, wala ndani ya kabati. Ukuta wa zege wenye nondo, kioo kikubwa cha kujitazamia na tangi la samaki vyote vinazuia mawimbi.

Halafu wapo majirani, ambao waifai zao hugombania hewa na yako. Kwenye masafa ya 2.4 GHz (mojawapo ya masafa ambayo ruta hurushia mawimbi), chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo, zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana ni 1, 6 na 11. Mtu anayechagua 3 au 4 akidhani amekwepa msongamano huwa amejiweka katikati ya kelele za pande zote mbili. Chagua mojawapo ya hizo tatu, ile yenye majirani wachache, na upana wa chaneli uache kwenye 20 MHz. Maikrowevu nayo hutumia masafa hayohayo, kwa hiyo mtandao ukififia kila chakula kinapopashwa moto, usitafute mchawi. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi ila huchoka haraka yakikutana na kuta. Yape vifaa vilivyo karibu na ruta, vya chumba cha mbali vibaki 2.4. Kama umeshanunua kifaa cha kuongeza mawimbi, kiweke pale ambapo waifai bado inashika vizuri. Ukikiweka kule isikofika, kitaongeza nini?

Sasa adapta ya umeme, kitu ambacho hakuna anayekitazama. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa akikatikiwa na mtandao kila jioni. Kwa sababu ni jioni, kila mtu alikuwa na jibu: jengo zima linatazama filamu, mtandao umeelemewa. Akaamini. Akapandisha kifurushi, akanunua kifaa cha kuongeza mawimbi, akagombana na huduma kwa wateja mpaka wakamjua kwa sauti. Fundi akaja asubuhi, akapima, akakuta kila kitu safi, akaondoka zake. Jioni ikakatika tena.

Nilipanda kwake kuazima ngazi, nikakuta watoto wanalalamika filamu imeganda. Nikaitazama ruta: taa zote zilikuwa zimezimika, kisha ikawaka ya umeme, halafu nyingine zikafuata moja moja. Ruta ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe! Tukafungua ukurasa wake wa mipangilio, pale panapoonyesha imewaka kwa muda gani, pakasoma dakika chache, wakati hakuna aliyeigusa tangu asubuhi. Nikashika adapta, ilikuwa moto. Kumbe ile ya awali iliungua, naye akachomeka ya kifaa kingine cha zamani. Volti zilikuwa 12 kama inavyotakiwa, lakini ilitoa ampea (kiasi cha mkondo wa umeme) 0.5 tu, na ruta iliandikwa 1.5. Kichwa chake kiliingia vizuri na taa zikawaka, nani angeshuku? Mchana, ikiwa na simu moja, ilijikongoja. Jioni televisheni na kompyuta za watoto zikiingia, ruta ikataka umeme zaidi, adapta ikashindwa.

Kwa hiyo soma lebo ya adapta na ya ruta. Volti ziwe sawasawa, ampea zisipungue (zikizidi hakuna ubaya), na alama za chanya na hasi zifanane. Hata adapta halisi huchoka ikizeeka, hivyo kama ruta inajizima, jaribu adapta nyingine sahihi kabla ya kuihukumu.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Waya wa faiba usikunjwe wala kubanwa na kochi. Badilisha nywila kama umewahi kuwapa wageni wengi. Kile kitufe kilichojificha ndani ya tundu usikichokoe kwa pini kabla ya kupiga picha mipangilio yote, kwa kuwa kinafuta kila kitu, pamoja na jina na nywila za kuunganishia kwa kampuni kama ziliwekwa humo. Kabla ya kupiga simu, andika saa ambazo mtandao ulikatika na rangi ya taa wakati huo. Na fundi akitaka kuja asubuhi wakati shida yako ni ya usiku, mwambie aje usiku, hata akinuna.