Mashine ya nyasi inazimazima Tanga, na wewe uko ng'ambo

Kijana anayetunza shamba lako la Pongwe amepiga simu: ile mashine ya kukalia uliyoipakia kwenye kontena inawaka vizuri, halafu inazima. Fundi ameshafika, bisibisi mkononi, anataka kufungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mwambie asubiri. Gasketi ikichanika bila sababu, unaanza kutafuta spea ambayo maduka mengi hayana.

Cha kwanza ni kujua inazima vipi na inazima wakati gani. Maelezo ya mdomo hayatoshi. Omba video yenye sauti, kuanzia inapowaka mpaka inapozima, uitazame ukiamka, maana saa nne asubuhi ya Tanga ni usiku wa manane Marekani. Injini iliyokatiwa umeme hunyamaza ghafla, kana kwamba ufunguo umezungushwa. Iliyokosa petroli hukohoa, sauti ikapanda na kushuka, ndipo inakufa.

Ikinyamaza ghafla kila inapopita kwenye kishimo au kisiki cha mnazi, aanze chini ya kiti. Pana swichi inayozima injini dereva akinyanyuka wakati visu vinazunguka. Springi ikichoka, au dereva akiwa mwepesi, mrusho mdogo tu unatosha kuizima. Chumvi ya baharini nayo huotesha kutu ya kijani kwenye vichwa vya waya. Azime mashine, achomoe soketi ya swichi, asugue pini kwa msasa laini, apake grisi kidogo, airudishe. Fundi akisema "tuijampie tu, bosi", yaani waya ziunganishwe bila kupitia swichi, kataa; mtu akianguka, swichi hiyo ndiyo inayookoa miguu yake.

Ikizima kila inaporudi nyuma huku visu vinazunguka, huo si ubovu. Mashine nyingi za Marekani zimeundwa hivyo.

Kinachosumbua wengi ni mashine inayokata nyasi kwa dakika kumi na tano au ishirini, ikazima, ikapumzishwa, kisha ikawaka tena kama haikuwa na kitu. Mshukiwa wa kwanza ni kifuniko cha tangi. Petroli inapotoka lazima hewa iingie mahali pake. Kitundu cha kifuniko kikiziba, petroli haiteremki tena. Vumbi la nyasi hukiziba, na nyigu wa udongo hupenda vitundu vya namna hiyo mashine ikilala bandani. Injini inapoanza kukohoa, alegeze kifuniko taratibu. Ikisikika "fsss" na nguvu ikarudi, umeshampata mchawi. Aoshe kitundu au anunue kifuniko kipya.

Kama kifuniko kizima, geukia koili, inayozalisha umeme wa cheche ya plagi. Mara injini inapozima, achomoe waya wa plagi, auvike kwenye plagi nyingine iliyogusishwa chuma cha injini, mbali na petroli, kisha apige stata. Cheche ikikosekana injini ikiwa ya moto na ikaonekana ikipoa, koili ibadilishwe, haitengenezeki. Kwa injini nyingi za aina hii, nafasi kati ya koili na sumaku za flaiwili (gurudumu zito la injini) ni 0.25 hadi 0.35 mm, na ya plagi ni 0.76 mm. Ahakikishe kwenye kitabu cha injini hiyo.

Ikikohoa tangu mwanzo, tazama petroli. Uliza imetoka wapi. Akiazima kidumu kwa vijana wa boti pale Deep Sea, huenda imechanganywa oili ya injini za boti, na hiyo huchafua plagi. Petroli iliyolala mwezi mzima au zaidi kwenye tangi nusu tupu, kwa unyevu wa Tanga, isiaminiwe. Injini ikiwa imepoa, amwage ya bakuli la kabureta kwenye glasi safi: maji hukaa chini, yamejitenga. Hapo tangi lote limwagwe na chujio libadilishwe. Jeti, kitundu chembamba cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ikiwa imeziba izibuliwe kwa uzi mmoja wa waya wa shaba; waya wa chuma huipanua, na kabureta haitakaa sawa tena.

Chini ya bakuli hilo injini nyingi zina solenoidi, valvu ya umeme inayofungulia petroli. Wengi huisahau. Ufunguo ukiwashwa, asikilize "tak". Plagi yenyewe haitegemei betri, lakini solenoidi inategemea, kwa hiyo waya wa ethi wenye kutu au chaji mbovu vinaweza kuzima injini isiyo na ugonjwa wowote. Injini ikiwa mbio, mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5 kwenye betri. Ikibaki 12 na kitu huku ikishuka, shida iko kwenye chaji.

Ukiagiza spea, usitaje rangi wala jina lililoandikwa kwenye boneti. Mtengeneza injini mara nyingi ni mwingine. Omba picha ya namba zilizogongwa kwenye injini yenyewe. Tuma pia seti ya spana za inchi: bolti nyingi za mashine za Marekani ni za inchi, na spana ya 10 mm kwenye bolti yenye kichwa cha inchi 3/8 itakimaliza kichwa hicho. Kabureta ya kubeba kwenye begi iwe mpya kabisa; iliyowahi kutiwa petroli itazuiwa uwanja wa ndege.