Somo: Kuchagua kiatu chenye sponji nene kwa mazoezi ya kasi, kwa wanaokimbia Goma

Wandugu, somo hili ni la kiatu kimoja tu: kile cha siku za kasi. Hatuzungumzii kiatu cha kukimbia polepole Jumapili, wala kile cha siku ya mashindano. Ni kiatu chenye sponji ya kutosha kulinda miguu kwa kilometa 10 au 12 za nguvu, lakini kisichokuzamisha unapoongeza mwendo. Wengi hukosea dukani kwa namna moja: wanabonyeza soli kwa dole gumba, wanaona laini, wanalipa. Dole gumba haliwezi kukuambia kitu kuhusu kasi.

Ukikimbia kwa kasi, mguu hugusa ardhi kwa muda mfupi sana, karibu robo ya sekunde au chini yake. Ndani ya muda huo sponji inatakiwa ibonyee na irudi. Ikibonyea ikachelewa kurudi, kisigino kinazama, kifundo kinayumba, na shavu la mguu linafanya kazi mara mbili: kukusukuma mbele na kukushikilia usiyumbe. Ndiyo maana kuna basketi (viatu vya michezo) laini kama godoro, tamu kwa dakika 7 kwa kilometa, lakini zinakuchosha mapema ukishuka hadi 4:30.

Hatua ya 1. Andika kazi ya kiatu

Chukua ratiba yako ya wiki. Kama unakimbia kilometa 40 na una siku mbili za kasi (tuseme 6 × 1000 m siku moja, dakika 25 za mwendo mgumu usiokatika siku nyingine), kiatu hiki kitatembea kilometa 12 hadi 15 kwa wiki ukitoa kupasha mwili joto. Kwa hesabu hiyo, kiatu cha kilometa 500 kinakupeleka miezi minane hivi. Ukikivaa kila siku kitaisha kwa miezi mitatu.

Hatua ya 2. Pima mguu, usiamini namba

Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama kisigino kikiwa kimebana ukuta, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, si kikubwa). Pima miguu yote miwili, ufuate ule mrefu.

Sasa fungua ulimi wa kiatu usome kibandiko. Namba ya Ulaya inadanganya kwa sababu kila kampuni ina hesabu yake: kiatu cha kiume cha sentimita 26 huandikwa 41 kwa Nike, 41⅓ kwa adidas, 41.5 kwa Asics. Tafuta namba iliyo kando ya CM au JP. JP 260 maana yake ni sentimita 26. Mguu wa sm 25.5 uanze kujaribu 26 na 26.5. Ukiwa umesimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Anayeacha nafasi ndogo kuliko hiyo atapoteza kucha kwenye mteremko.

Hatua ya 3. Ijue sponji

EVA, TPU na PEBA ni majina ya plastiki zinazotengenezewa sponji. EVA ya kawaida ni ya bei nafuu na inavumilia, lakini ni nzito kidogo na hupoteza uhai polepole. TPU, ile ya chembechembe kama mchele uliogandishwa, hudumu sana na hurudisha vizuri, ila ina uzito. PEBA ni nyepesi na hurudisha nguvu kuliko zote mbili, ila ni laini, hukatika upesi, na bei yake iko juu. Kuna pia EVA iliyojazwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo kubwa, ambayo iko katikati.

Kwa mazoezi ya kasi, kiatu kizuri mara nyingi ni mchanganyiko: sponji inayoruka juu, na ngumu zaidi chini au pembeni ili kukutuliza. adidas Boston 12 imejengwa hivyo. Asics Novablast haina bamba (kipande chembamba kigumu cha kukaza soli) lolote ndani. Saucony Endorphin Speed ina PEBA na bamba la nailoni, ambalo hupinda kuliko la kaboni.

Vipimo vya kutafuta: unene wa kisigino mm 32 hadi 40, tofauti ya kisigino na mbele mm 5 hadi 10, uzito g 210 hadi 270 kwa namba 42. Kikipita g 300, kiweke kwenye siku za polepole. Kila g 100 zikiongezeka kwenye kila kiatu, mwili hutumia oksijeni zaidi kwa karibu asilimia 1. Duka lenye mizani ya kupimia unga linaweza kukupimia kiatu pia, omba tu. Kikomo cha mm 40 cha World Athletics, shirikisho la riadha duniani, ni cha mashindano ya barabarani, mazoezini hakikuhusu.

Angalia pia umbo. Weka kiatu mezani ukitazame ubavuni: pua iwe imeinuka kama mtumbwi wa ziwani. Mwinuko huo ndio unaokuviringisha mbele bila kulazimisha kidole kikubwa kupinda. Halafu kitazame kutoka nyuma: soli iwe pana kuliko kisigino chako pande zote mbili. Sponji nene juu ya soli nyembamba ndiyo inayovunja vifundo.

Hatua ya 4. Mpira wa chini: hapa Goma ndipo uamuzi ulipo

Mtu wa mji mwingine angeweza kuiruka hatua hii. Sisi hatuwezi. Okota jiwe moja la lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ulitazame kwa karibu: limejaa vishimo vidogo, na kila kishimo kina ukingo mkali kama jino la msumeno. Viatu vingi vyepesi vina mpira vipande vipande tu, na katikati sponji iko wazi. Jiwe likiingia kwenye mfereji wa katikati linakaa, na kila hatua linachimba. Baada ya wiki chache unaona sponji imechanika mistari mistari, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Tazameni chukudu, ile skuta ya mti ya kubebea mizigo. Gurudumu lake ni la mti, lakini limevishwa mpira wa tairi, kwa sababu mti mtupu ungeliwa na mawe. Kiatu kinataka vivyo hivyo. Geuza soli, uangalie: mpira ufunike sehemu yote ya mbele na ukingo wa nje wa kisigino, uwe na unene wa angalau mm 2, na mfereji wa katikati uwe mfupi au usiwepo. Bonyeza kwa ukucha: mpira ulio laini sana unaacha alama, na huo utaisha upesi. Puma Velocity Nitro ni mfano wa soli iliyofunikwa vizuri, tena inashika hata lami iliyoloa, nasi mvua tunaijua.

Hata hivyo, kiatu cha kasi kikae kwenye lami: bulevadi, barabara ya kwenda Sake, zile za kando ya ziwa. Ukitoka nyumbani kupitia vichochoro vya mawe vya Majengo au Ndosho, vaa viatu vya zamani hadi kwenye lami, ubadilishe hapo.

Hatua ya 5. Kijaribu kwa kasi

Vaa soksi za kukimbilia. Funga kamba, ukitumia tundu la mwisho la juu kushika kisigino. Simama mguu mmoja, piga goti kidogo mara tano: kifundo kikiyumba ukiwa umesimama tu, kitayumba zaidi ukichoka. Kisha toka nje, kimbia mita 60 polepole, halafu mita 60 kwa mwendo wako wa kilometa 5, mara tatu. Sikiliza. Kofi zito la mguu mbele maana yake soli ni ngumu kupinda kwa mwendo wako. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, jaribu namba ndogo kwa nusu kabla ya kukaza kamba. Muuzaji akikukatalia kukimbia hatua hizo, nenda butike nyingine.

Hatua ya 6. Ukinunua mitumba

Wengi wetu tunanunua Birere au soko la Virunga, na humo vitu vizuri vinapatikana. Kagua kwa utaratibu huu:

– Ubavu wa soli: mikunjo ya mlalo iliyobaki hata bila uzito ni sponji iliyolala. Acha.
– Weka viatu viwili mezani, tazama kwa nyuma. Kikiinamia ndani au nje, kimebeba mwendo wa mtu mwingine.
– Toa soli ya ndani, papasa chini yake. Shimo la kisigino likiwa la kina, acha.
– Kunja mbele karibu na sikio. Mlio wa "ka" kwenye kiatu chenye bamba ni bamba lililovunjika.
– Soma tarehe kwenye kibandiko. adidas na Nike huandika. Kiatu cha miaka minane, hata kama hakijavaliwa, gundi yake imechoka na sponji imekauka.
– Vuta ukingo wa soli kwa kucha kuzunguka pua. Ukifunguka hata mm 3, shusha bei au acha.

Hatua ya 7. Siku za kwanza

Kama umezoea tofauti ya mm 10 na umenunua ya mm 5, kano ya kisigino itavutwa zaidi. Wiki mbili za kwanza kivae dakika 20 mara moja kwa wiki, kisha kazi nusu, kisha kazi kamili. Ukihisi ugumu juu ya kisigino asubuhi unapotoka kitandani, rudi nyuma wiki moja.

MASWALI YA WANACHAMA (kwenye mabano ni mtaa wa anayeuliza)

Swali (Katindo): Kocha, mimi nina kilo 88. Si nichukue laini zaidi ili nilinde magoti?

Jibu: Hapana, kaka. Uzito wako unabonyeza sponji zaidi ya mtu wa kilo 60, kwa hiyo kile anachokiita yeye laini wewe utakigonga hadi chini. Chukua unene uleule lakini sponji ngumu kidogo na soli pana. Iliyo na TPU au EVA yenye naitrojeni itakuvumilia kuliko PEBA tupu.

Swali (Himbi): Mguu wangu ni mpana mbele na viatu vya wanawake vinanibana kwenye kidole kidogo. Naweza kuvaa vya wanaume?

Jibu: Ndiyo, dada, bila shida. Upana wa kawaida wa kike huitwa B, wa kiume D, na D ni mpana zaidi kwa urefu uleule. Kwa namba za Marekani toa 1.5: wa kike 9 ni wa kiume 7.5. Angalia kisigino tu, kinaweza kuwa kikubwa. Lile tundu la mwisho la kamba litakusaidia. New Balance hutengeneza pia 2E na 4E, usome kwenye kibandiko.

Swali (Mabanga): Nimepata vyenye bamba la kaboni kwa bei nzuri. Nivitumie kwa mazoezi yote ya kasi?

Jibu: Usifanye hivyo. Kaboni huhamisha kazi kutoka kidole na kifundo kwenda sehemu nyingine, na mwili unahitaji muda. Mwaka 2023 madaktari waliandika kuhusu wakimbiaji watano walioumia mfupa wa navikula, ule wa juu ya upinde wa unyayo, wakivaa viatu hivyo. Ni watu wachache na hawathibitishi kwamba kiatu ndicho sababu, lakini inatosha kwa tahadhari. Vivae mara moja kila wiki mbili, kwa zoezi linalofanana na mashindano. Maumivu juu ya unyayo yasiyoisha kwa siku tatu, simama na umwone daktari.

Swali (Ndosho): Vyangu vililoa, nikaviweka karibu na jiko la makala (mkaa). Soli imeachia mbele na sponji imejikunja. Vinapona?

Jibu: Sponji iliyojikunja haiponi, ndugu. Joto limeibana na haitarudi. Kama imeachia tu bila kujikunja, safisha vumbi lote la lava kwa mswaki, kausha kabisa, kwangua pande zote kidogo kwa msasa, paka gundi nyembamba ya poliyuretheni pande zote mbili, ngoja dakika 10, bana, zungushia ukanda wa mpira wa baiskeli, acha saa 24. Jaribu tone moja pembeni kwanza, kuna gundi zinazoyeyusha sponji. Safari ijayo toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha baada ya saa mbili, acha kivulini penye upepo.

Nyongeza (mwanachama wa Himbi): Msisahau vumbi lenyewe. Lile jeusi linaingia kwenye kitambaa na kukisugua kila hatua, ndiyo maana matundu yanatokea juu ya kidole kikubwa. Mimi naosha kwa mashine.

Jibu: Vumbi umesema kweli kabisa. Mashine hapana, mama: maji ya moto na mzunguko huchosha gundi. Maji baridi, sabuni kidogo, mswaki laini, kila wiki mbili.

Swali (Birere): Mwendo wangu wa kasi ni 5:40 kwa kilometa. Kweli nahitaji kiatu cha pekee?

Jibu: Kasi yako ni kasi, moyo wako unafanya kazi ileile. Ila kama pesa ni ya jozi moja, nunua jozi moja ya katikati: haina bamba, g 250 hivi, mpira mzuri chini, namna ya Novablast au Velocity Nitro. Itafanya polepole na haraka. Jozi ya pili itafuata ukishazidi kilometa 30 kwa wiki.

Swali (Katindo): Nitajuaje kimekwisha kama mpira wa chini bado upo?

Jibu: Andika kilometa ndani ya ulimi kwa kalamu, kila mwisho wa mwezi. PEBA ianze kukutia shaka kwenye 400, EVA na TPU kwenye 600. Dalili ya kweli ni miguu: zoezi uliloliweza mwezi uliopita linaacha mashavu ya miguu magumu kesho yake, ilhali hujaongeza chochote. Siku hiyo kiatu kihamie kwenye vichochoro vya mawe.