Somo: Kupanga safari ya kuutazama mji wa Mombasa ukitokea Tanga

Watu wa Tanga tunakwenda Mombasa miaka yote. Tunakwenda harusini, mazikoni, hospitali, au kuchukua mzigo wa leso Mtaa wa Biashara, kisha tunarudi. Muulize aliyekwenda mara nyingi kama ameshaingia Ngome ya Yesu, atakwambia huipita kwa nje. Somo hili ni la safari ya kwenda kuutazama mji wenyewe. Siku tatu zinatosha, mradi mbili uzitumie kutembea kwa miguu.

Hatua ya 1: Karatasi

Kenya ni jirani, lakini ni nchi nyingine. Beba pasipoti. Asiyekuwa nayo aende Uhamiaji kuomba hati ya dharura ya kusafiria, na aende mapema, si asubuhi ya safari. Cha pili ni kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiiache mpaka mwisho. Ukishachanja, ni ya maisha.

Hatua ya 2: Chagua kisa kabla ya kuchagua hoteli

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mji una karne nyingi ndani yake, na anayekwenda bila kujua anatafuta nini huishia kuona kuta na kupiga picha mlangoni. Shika kisa kimoja, ukifuate. Mimi napendekeza kisa cha Wareno na Waomani, kwa sababu kinaanzia karibu na kwetu.

Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498. Mwaka uliofuata, akirudi kutoka India na mabaharia wachache waliobaki hai, aliichoma meli yake moja, São Rafael, kwenye pwani ya Tongoni. Kwa hiyo kabla hujapanda basi, tenga nusu siku uende Tongoni ukayaone makaburi ya nguzo na msikiti uliobomoka. Ni hapo tu nje ya mji, na wengi wetu hatujafika.

Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, waliyemlea wenyewe kule Goa na kumbatiza, alimuua kapteni wao na kuitwaa ngome. Wareno walirudi. Kisha Machi 1696 Waomani wakaizingira, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Hebu fikiria: zaidi ya miaka miwili na nusu, njaa na maradhi vikiwamaliza waliomo ndani. Meli iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama pale pale chini ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa ndani yake utaviona kwenye makumbusho. Waingereza nao waliigeuza ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Ukisimama juu ya ukuta ukiyajua haya, unaona mengi zaidi.

Hatua ya 3: Njia

Panda basi la asubuhi stendi ya Kange, Tanga. Mpakani Horohoro na Lunga Lunga, taratibu za kutoka na kuingia hufanyika mahali pamoja, upande wa nchi unayoingia. Mwisho wa barabara ni kivuko cha Likoni: abiria huteremka na kuingia kwenye feri kwa miguu, na mwenda kwa miguu halipi. Msongamano ni mkubwa asubuhi na jioni, shika begi lako mbele. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Kenya iliipiga marufuku tangu 2017.

Hatua ya 4: Pesa

Badilisha kwenye duka la fedha lenye kibali. Achana na vijana wenye mabunda mkononi. Basi.

Hatua ya 5: Siku ya ngome na Mji wa Kale

Uwe mlangoni saa mbili asubuhi, jua halijawa kali. Onyesha pasipoti yako, maana kiingilio cha watu wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha wageni wa mbali. Ukichukua mwongozaji, patana naye bei kabla hamjaanza, na mwambie kisa unachokifuata ili asikupitishe mbio. Anzia ukuta wa upande wa bahari. Tazama mkondo unavyopita, utaelewa kwa nini ngome ilijengwa pale na si kwingine. Kisha makumbusho, kisha Nyumba ya Waomani.

Ukitoka, ingia mtaa wa Ndia Kuu, katika Mji wa Kale, taratibu. Tazama juu, kwenye roshani za mbao, na milango ya nakshi. Tafuta nyumba ya Leven na ngazi zake zinazoshuka baharini, na msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe. Vaa kwa staha, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Pale ni majumbani mwa watu.

Jioni nenda ufukwe wa Mama Ngina, ukae na madafu na mihogo.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la mtaa wake wa Tanga)

*Ngamiani: Shikamoo mwalimu. Nina watoto wadogo wawili, ngome haitawachosha?*

Marahaba mwanangu. Mizinga itawafurahisha. Nenda nao asubuhi, uwashike mikono mkipanda juu ya kuta, na Mji wa Kale muufanye baada ya kulala mchana. Nao wawe na hati zao za kusafiria.

*Chumbageni: Naweza kwenda na gari langu?*

Unaweza, kaka. Utahitaji kadi ya gari, bima inayovuka mpaka na kibali cha muda cha forodha. Lakini vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, gari utaliegesha tu. Mimi ningepanda basi.

*Raskazone: Mwezi wa Ramadhani vipi?*

Mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, dada, ila usiku mitaa huchangamka mpaka daku. Ukiwa umefunga, panga ngome asubuhi, upumzike mchana, utembee baada ya tarawehe. Ninachoshauri kuepuka ni masika, Aprili na Mei.

*Pongwe: Nasikia kuna Gedi. Nayo niiweke?*

Gedi, magofu ya mji wa kale, iko mbali, kule karibu na Watamu, ukishaipita Kilifi. Inataka siku yake nzima. Ukiwa na siku tatu tu, nenda Jumba la Mtwana pale Mtwapa: magofu ya mji wa karne ya 14, ufukweni kabisa, na jioni umesharudi Mombasa. Ukiongeza siku ya nne, hapo nenda Gedi, na uondoke alfajiri.