Usijaze viriba kwa udongo wa chini ya mibuni mikongwe

Kila msimu wa kujaza viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, wakulima wa kahawa kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kilimanjaro wanarudia jambo lile lile. Wanachota udongo chini ya mibuni waliyoachiwa na wazee, kwa kuwa ni mweusi na laini, wanautia kwenye viriba na kusia. Mbegu zinaota vizuri. Miezi michache baadaye miche imedumaa, majani machanga yamekuwa ya njano, na lawama zote anabebeshwa aliyeuza mbegu.

Mbegu haina kosa. Mibuni ile imepuliziwa mrututu na dawa nyingine za shaba kwa miongo kadhaa, ili kuzuia chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Shaba haiozi, na mvua haiiondoi kirahisi. Iliyodondoka kutoka majanini imejikusanya kwenye sentimita 20 za juu, ikanata kwenye mboji. Ule ushauri wa kuchukua udongo wa juu, ambao kwingine ni sahihi kabisa, hapa unakupeleka palepale penye shaba nyingi.

Mmea unahitaji shaba kidogo sana. Ikizidi huudhuru mzizi kwanza, tena nchani, mahali seli zinapogawanyika na kurefuka. Ncha inaacha kukua, inanenepa na kuwa ya kahawia. Mizizi ya pembeni inatoka michache, mifupi, migumu kama waya. Shaba nyingi hubaki humo humo mizizini, kwa hiyo ukingoja majani yakuambie, umechelewa. Wala kuota kwa mbegu kusikudanganye, maana mbegu huanza kwa akiba yake yenyewe.

Pima udongo wiki 3 kabla ya kujaza viriba. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja litie udongo unaoutilia shaka, la pili udongo wa mahali ambapo hapajapuliziwa kamwe. Chekecha yote kwa chekeche moja. Sia mbegu 20 za kabichi kila kopo, kina cha sentimita 1, weka kwenye kivuli kimoja, mwagilia kipimo kile kile cha maji. Siku ya 10, siyo ya 5, loweka makopo kwenye ndoo ya maji, toa miche taratibu bila kuivuta, kisha pima mzizi mkuu wa kila mche kwa rula. Usikadirie kwa jicho! Mizizi ya udongo unaoutilia shaka ikiwa imefika nusu tu ya mingine, au ncha zake ni za kahawia, udongo huo usiuweke kwenye kiriba hata kimoja.

Udongo wa viriba utafute angalau hatua 20 kutoka kwenye mibuni, na mbali na mahali unapooshea bomba la kupulizia. Shamba la nyanya pia silo, kwa sababu nyanya nazo hupigwa kopa, yaani dawa ya shaba. Kihamba kikiwa kidogo, fukua sentimita 30 za juu uziweke kando, chukua udongo unaofuata, uchanganye na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, debe kwa debe. Samadi ya nguruwe waliolishwa chakula cha kiwandani iache, kwani chakula hicho mara nyingi huongezwa shaba. Chokaa ya kilimo husaidia pale tu pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu, imepimwa na kuonekana iko chini ya 5.5. Usiimwage kwa kubahatisha.

Sasa hili linaniuma kila mwaka: mkulima anaona miche imenyong'onyea, anadhani ni kinyausi, anapulizia kopa tena! Kinyausi huozesha shina usawa wa udongo na mche huanguka. Mche ulioumizwa na shaba husimama wima huku mizizi imekwisha. Wengine wanamwaga urea, ambayo huzidisha uchachu na kuifanya shaba iingie mizizini kwa urahisi zaidi. Kuchoma udongo nako huua vimelea tu, shaba inabaki vilevile.

Mizizi myeupe yenye matawi mengi ndiyo dalili njema.

Kama viriba vimeshajazwa udongo mbaya, pasua vitano leo uangalie mizizi. Miche ambayo bado ni michanga na ncha zake hazijaharibika, ihamishie kwenye udongo safi jioni, chini ya kivuli. Iliyokwisha kuwa na mizizi mifupi ya kahawia ing'oe, usiipeleke shambani kupanda masika. Kiangazi kitaiua, na utakuwa umepoteza shimo, samadi na mwaka mzima. Udongo wenyewe urudishe chini ya mibuni ulikotoka, usiumwage kwenye bustani ya mchicha.