Sampu ya akwariamu ya samaki wa Tanganyika: ipangwe kwa saa ya umeme kukatika

Siklidi (jamii ya samaki wa maji baridi) wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus na Cyprichromis wanaovuliwa Kigoma, hawavumilii uchujaji wa kubahatisha. Maji ya ziwa hilo yana pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji) ya kati ya 8.6 na 9.2, na hapo ndipo hatari ilipo. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote, ile inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, huwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 9, kiasi hicho hupita theluthi moja. Mabaki ya chakula ambayo samaki wengine wangeyastahimili huwaua hawa kwa usiku mmoja. Tropheus nao ni walaji wa mwani, hula kutwa nzima na huchafua maji sana.

Kwa tangi la kuanzia lita 300, tunashauri sampu, yaani tangi la pili linalokaa chini ya kabati. Maji hushuka yenyewe, huchujwa humo, kisha pampu huyarudisha juu. Faida yake ni nafasi kubwa ya bakteria wanaoivunja amonia, na hewa nyingi. Hasara yake ni moja tu, nayo ni mafuriko sebuleni ikiwa haikupigiwa hesabu.

Hesabu kabla ya silikoni

Tuchukue tangi la sm 120 kwa 60, kimo sm 55, lililojazwa hadi sm 51. Kila sentimita moja ya maji humo ni lita 7.2. Sampu yake iwe na urefu wa sm 90, upana sm 40 na kimo sm 40, kwa vipimo vya ndani. Ikijaa pomoni inabeba lita 144.

Pampu ikizimika, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike chini ya ukingo wa sanduku la kumwagia (kisanduku kilicho tangini ambamo maji humwagikia kabla ya kushuka), na pia hurudi nyuma kupitia bomba la pampu mpaka mdomo wake uvute hewa. Ukiuweka mdomo huo sm 3 chini ya usawa wa maji, zitashuka takriban lita 22. Ongeza maji yaliyomo kwenye mabomba na kwenye sanduku, ufike kama lita 30. Sampu inayofanya kazi ikiwa na lita 82 itazipokea na kubaki na nafasi. Ukiuzamisha mdomo sm 15, zitashuka zaidi ya lita 100 na sakafu italowa. Toboa pia tundu la mm 6 kwenye bomba la kurudisha, karibu na usawa wa maji, ili livute hewa mapema, lakini usilitegemee peke yake kwa sababu mwani na konokono huliziba. Hata valvu ya kuzuia maji kurudi isikupe usingizi: punje moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi.

Hesabu ya pili watu wengi huiruka. Bomba la kushusha likiziba huku pampu inazunguka, maji yaliyomo kwenye chumba cha pampu yote yatapanda juu. Kwa hiyo chumba hicho kiwe kidogo. Chenye sm 24 kwa 40 na maji ya kina cha sm 20 hubeba lita 19. Pampu itavuta kama lita 15 kabla ya kumeza hewa, na tangi la juu litapanda sm 2 tu. Zile sm 4 tulizoziacha tupu juu ya maji ya tangi ni kwa ajili hiyo.

Vyumba na mabomba

Tumia kioo cha mm 6 na silikoni ya akwariamu, yaani gundi ya kuunganishia vioo. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu huua samaki. Hiyo ya akwariamu iache ikauke wiki nzima, mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Chumba cha kwanza, sm 20, hupokea maji na kushika uchafu kwa sponji yenye matundu makubwa. Vipande vya godoro visitumike, maana matundu yake ni madogo mno na huziba haraka. Chumba cha pili, sm 40, ni cha bakteria, na kioo cha mwisho wake kiwe na kimo cha sm 24. Weka humo mawe mepesi ya volkano yanayopatikana upande wa Arusha, yaliyooshwa vizuri, au dodoki za plastiki za kusugulia sufuria. Stilwaya isiingie kamwe. Yainue mawe juu ya wavu, sm 5 kutoka chini, ili maji yapite kote na tope lisijikusanye katikati. Kisha acha sm 6 za vioo vya kuzuia mapovu, kimojawapo kikiwa kimeinuliwa sm 3 kutoka chini, ndipo chumba cha pampu.

Kushusha maji, weka mabomba mawili ya inchi moja na nusu ndani ya sanduku la kumwagia. La kwanza liwe na geti valvu (koki inayofungwa kidogo kidogo) na lifanye kazi likiwa limejaa maji bila hewa, hivyo halitapiga kelele. La pili liwe wazi, bila koki yoyote, mdomo wake ukiwa juu zaidi kwa sm 3. Hilo ni la dharura. Funga valvu pole pole mpaka la pili lipitishe uzi mwembamba tu wa maji. Ncha ya chini ya bomba la kwanza izame sm 2 tu katika sampu. Ikizama sana, umeme ukirudi hewa iliyonaswa bombani hushindwa kutoka, na bomba halijai tena.

Kabla ya kutoboa tangi, uliza kwa fundi kioo ni cha aina gani. Kioo kilichopitishwa motoni kuongezwa ugumu, kama cha madirisha ya gari, hupasuka chote vipande vipande ukikigusa na keekee.

Pampu iliyoandikwa lita 4,000 kwa saa haitoi hizo ikishapandisha maji mita 1.3 na kupita elbo mbili. Pima mwenyewe: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 30, unapata lita 2,400 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya mara sita ya ujazo wa tangi. Inatosha. Nyaya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji lianguke sakafuni.

Sasa zima umeme kwa makusudi, bila samaki, mara tatu. Tia alama usawa wa juu kabisa unaofikiwa kwenye sampu. Halafu ziba bomba la kwanza kwa kitambaa na uone kama la dharura linabeba maji yote.

Bakteria na matunzo

Tia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome mg 2 kwa lita. Sponji chafu kutoka tangi lenye afya huharakisha kazi. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Samaki waingie pale tu ambapo dozi hiyo inaisha ndani ya saa 24, nitriti nayo, yaani sumu ambayo bakteria huitoa wakivunja amonia, ikiwa sifuri. Bakteria hao hula alikali ya maji (uwezo wake wa kuzuia pH isishuke), na pH hushuka taratibu. Maganda ya baharini yaliyosagwa hayasaidii sana pH ikishapita 8, kwa kuwa hayayeyuki. Baking soda gramu 5 kwa kila lita 50 za maji mapya huongeza alikali kwa takriban mg 60 kwa lita. Magadi ya kupikia maharage yaache jikoni. Huwa na floridi nyingi.

Maji ya bomba yenye klorini yakae siku moja hadi mbili yakipigwa hewa. Sponji ikamuliwe kila wiki ndani ya maji yaliyotolewa tangini, si bombani.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria waliozama humaliza oksijeni na kuanza kufa. Pampu ya hewa ya betri yenye mawe mawili ya kutoa mapovu, moja juu kwa samaki na moja chini ya mawe ya volkano, huwaokoa wote. Kama hukuwa nayo na sampu imeanza kunuka, usiwashe pampu umeme unaporudi. Chota maji ya sampu uyamwage, suuza sponji, jaza maji safi, ndipo uwashe, na upime amonia jioni ile ile na kesho yake.