Namna ya kuandaa mdahalo wa sekondari kuhusu Visiwa vya Chagos

Mwalimu wa Historia hapa Dar es Salaam anayeandaa mdahalo huu aanze na ramani ya Bahari ya Hindi, kwa sababu mtu akitoka jijini akaelekea mashariki moja kwa moja, baada ya zaidi ya kilomita 3,500 atakaribia Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos.

Kisha aeleze chanzo cha mgogoro wa Uingereza na Mauritius kuhusu visiwa hivyo. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius, ambayo ilikuwa bado koloni lake, ikailipa pauni milioni 3. Mauritius ikapata uhuru mwaka 1968 bila visiwa hivyo, na kufikia 1973 wakazi wote walikuwa wamehamishiwa Mauritius na Ushelisheli kupisha kambi ya kijeshi ya Marekani. Mbwa wao waliuawa kwa gesi. Hapa mwalimu asiharakishe, kwani wengi wa wahenga wa Wachagosi walikuwa watumwa waliochukuliwa Msumbiji na Madagaska kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi, na vizazi vyao vikaja kung'olewa tena kwa nguvu.

Mada inayozoeleka, yaani kama visiwa ni vya Uingereza au vya Mauritius, naiona haifai, maana inawasahau walioishi huko. Afadhali iwe hivi: "Kuirudishia Mauritius visiwa vya Chagos kunatosha kuumaliza ukoloni."

Wanaounga mkono wapewe maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya tarehe 25 Februari 2019, chini ya urais wa Jaji Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia, kwamba utengaji ule haukuwa halali, pamoja na kura 116 dhidi ya 6 zilizopigwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Mei mwaka huohuo. Waonywe, hata hivyo, wasiyaite maoni hayo hukumu, kwa kuwa yalikuwa ya ushauri. Wanaopinga wausome mkataba wa Uingereza na Mauritius uliotiwa saini Mei 2025, ambao unaiachia Mauritius kuwarejesha watu katika visiwa vingine lakini unaibakiza kambi ya Diego Garcia kwa miaka 99, na wasikilize malalamiko ya Wachagosi kwamba hawakushirikishwa katika mazungumzo.

Kabla ya kura, mwenyekiti amtake msemaji wa mwisho wa kila upande ajibu swali moja: nani mwenye haki ya kuamua kama Mchagosi atarudi Diego Garcia?