Kurekebisha kiti cha baiskeli safarini: siku moja kati ya Karen na Corner Baridi

Kiti kikionekana sawa uani kwa dakika kumi, bado hakijathibitisha lolote. Kasoro ya milimita 5 hunyamaza ukienda dukani. Husubiri saa ya tatu, ndipo goti lianze kuuma kwa mbele au vidole vya mkono vife ganzi. Kwa hiyo marekebisho ya mwisho hufanyiwa barabarani, katika siku iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, spana zikiwa mfukoni. Usitoke na kundi linalokimbizana, maana utaona haya kuwasimamisha wenzako kila nusu saa, na utarudi na maumivu usiyojua yalianzia wapi.

Jioni ya kabla

Weka tayari funguo za aleni za milimita 4, 5 na 6, futi ya kupimia, uzi uliofungwa nati nzito mwishoni uwe timazi, pimamaji fupi au simu yenye programu ya kupima mlalo, tepu ya fundi wa umeme, kalamu na karatasi. Kama baiskeli ni Black Mamba, ile nzito ya chuma ya kizamani, au yoyote ambayo klampu ya kiti (kibanio kinachoshika kiti) ina nati pande zote mbili, aleni hazitafaa kitu. Beba spana ya 13 na ya 14.

Tuanze na urefu. Simama bila viatu, mgongo ukutani, ukibana kitabu kigumu katikati ya mapaja na kukivuta juu kwa nguvu kama vile umekalia kiti. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata 70.6, na hicho ndicho kipimo kutoka katikati ya ekseli ya krenki (mikono inayoshika pedali) hadi juu ya kiti, ukifuata mstari wa paipu inayobeba kiti. Kanuni hii ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Tatizo lake ni kwamba haijui krenki yako ina urefu gani wala soli ya kiatu chako ina unene gani, na watu wengi huiona imewapandisha mno. Ihakikishe kwa kisigino: egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litapata mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa.

Mbele na nyuma: keti, lete krenki ziwe mlalo, kisha teremsha timazi kutoka kwenye kinundu cha mfupa kilicho chini kidogo ya kilegesambwa cha goti la mbele. Uzi upite karibu na ekseli ya pedali. Wapo wanaoushika mstari huu kama sheria, lakini hakuna nguvu yoyote ya maumbile inayoudai. Ni mahali pa kuanzia tu.

Pua ya kiti ianze mlalo kabisa. Hapa wengi hukosea bila kujua, kwa sababu uwanja wenyewe umeinama. Pima, geuza baiskeli ielekee upande wa pili mahali palepale, pima tena. Wastani wa vipimo viwili ndio ukweli.

Mwisho zungushia paipu tepu palepale inapoingia kwenye fremu, na chora alama ya kalamu kwenye reli za kiti, vile vyuma viwili vya chini yake, kando ya klampu. Andika vipimo vitatu: urefu, umbali kutoka pua ya kiti hadi usukani, na umbali wa timazi iliyoshushwa kutoka puani hadi usawa wa ekseli ya krenki. Bila namba hizi, ukipotea saa sita mchana hutajua njia ya kurudi.

Njia

Kutoka Karen, Nairobi: Bulbul, mji wa Ngong, Kiserian, kisha Barabara ya Magadi hadi Corner Baridi, unateremka kidogo kuelekea Olepolos, na unarudi ulikotoka. Njia hii inafaa kwa sababu ina sehemu tambarare za kukalia muda mrefu, vilima vifupi, na ule mteremko mrefu wa Bonde la Ufa baada ya Corner Baridi. Jumapili ndiyo siku yake. Toka kunapopambazuka, karibu saa 12 na nusu asubuhi, kabla matatu za Ngong na Kiserian hazijaanza kukusukuma pembeni. Maji lita 2, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha. Kaptula na viatu viwe vilevile ulivyopimia, kwa kuwa sponji nene ya kaptula pekee inatosha kubadilisha urefu. Upepo wa tairi uwe wa kawaida pia. Tairi iliyojazwa ikawa kama jiwe hukufanya ulaumu kiti bure.

Mpaka Ngong usiguse kitu. Mwili unahitaji dakika 40 hivi kupata joto, na malalamiko ya mwanzo mengi ni ya misuli iliyolala. Baada ya hapo shika kanuni moja: badilisha kitu kimoja, kidogo, kisha endesha angalau nusu saa kabla ya kuhukumu. Urefu usizidi milimita 3 kwa mara moja. Mbele au nyuma, milimita 5. Pua ya kiti, nyuzi 1 (digrii moja). Ukibadilisha viwili pamoja na maumivu yakaisha, hujui kipi kimekuponya, na kesho ukikutana na baiskeli nyingine utaanza upya.

Ukisimama kurekebisha, toka kabisa barabarani. Uwanja wa kituo cha mafuta unafaa zaidi kwa kuwa ni wa saruji, ingawa nao huinamishwa ili maji ya mvua yatiririke. Geuza baiskeli na upime mara mbili kama ulivyofanya nyumbani.

Mwili unasema nini

Goti likiuma kwa mbele, chini ya kilegesambwa, mara nyingi kiti kiko chini mno, au kimesogea mbele mno. Likiuma kwa nyuma, kiti kiko juu mno au nyuma mno. Nyonga zikiyumba kushoto na kulia kama za mtu anayetembea na ndoo kichwani, kiti kiko juu. Wewe huwezi kuziona, kwa hiyo mwombe mwenzako aendeshe nyuma yako dakika mbili na akwambie. Dalili nyingine ya kiti kirefu ni vidole vya mguu kuelekea chini kila pedali ifikapo chini, mguu ukiitafuta.

Msamba kufa ganzi si jambo la kuvumilia. Simama papo hapo. Kwa kawaida pua ya kiti imeinuka, au kiti kiko juu kiasi kwamba uzito umehamia mbele badala ya kukaa kwenye mifupa miwili ya makalio. Shusha pua nyuzi 1, kisha nyingine kama haijatosha. Ukipita nyuzi 3 utaanza kuteleza mbele, viganja vitabeba mwili, na ganzi itahama kutoka chini kwenda mikononi. Klampu za kizamani zenye meno hazikupi nyuzi 1. Kila jino huruka zaidi ya hapo, na pengine utalazimika kuchagua ubaya ulio nafuu.

Kuna hesabu inayosahaulika. Kiti kikisogezwa nyuma kinapata pia urefu, kwa sababu paipu imelala. Kwenye fremu ya kawaida, milimita 10 nyuma ni sawa na kuongeza karibu milimita 3 za urefu. Ukirudisha kiti nyuma, kishushe kiasi hicho, la sivyo utadhani umerekebisha kitu kimoja kumbe ni viwili. Usikisogeze mbele ili tu uufikie usukani. Hiyo ni kazi ya shingo ya usukani, na goti halipaswi kulipa deni lake.

Kipimo chenyewe

Kutoka Corner Baridi, teremka kuelekea Olepolos, mahali pa nyama choma. Kuteremka hakufundishi chochote kuhusu kiti, kwani unakuwa umeinuka nusu ya muda. Somo liko kwenye kurudi. Panda umeketi, kwa gia nyepesi, bila kusimama juu ya pedali. Mwinuko wa asilimia 6 huinamisha baiskeli nzima nyuma kwa zaidi ya nyuzi 3, yaani pua iliyokuwa mlalo nyumbani sasa imeinuka nyuzi hizo zote. Kiti kitakachokuacha umetulia hapa, ukisukuma bila kujivuta mbele kila baada ya mizunguko michache, kitakufaa karibu popote Nairobi. Usipande ukiwa hoi, hata hivyo. Mtu aliyechoka huumia hata kwenye kiti kilicho sawa, kwa hiyo kula na upumzike kwanza, hata kama nyama ya Olepolos itakupotezea saa nzima.

Ukifika juu angalia tepu. Ikiwa imezama ndani ya fremu, maumivu ya goti unayoyasikia yametokana na paipu iliyokuwa ikishuka kidogokidogo, na marekebisho yote uliyofanya tangu Kiserian hayahesabiki. Chanzo mara nyingi ni paipu isiyo ya saizi yake. Baiskeli za mitumba hufika na paipu zenye kipenyo cha milimita 25.4, 27.2, 30.9 au 31.6, na tofauti ya sehemu ndogo ya milimita inatosha kuteleza. Fundi wa jua kali atakukatia kipande cha kopo la soda, chenye unene wa karibu milimita 0.1, akizungushie paipu. Kitakufikisha nyumbani. Dawa ya kudumu ni paipu sahihi. Chuma au alumini hupakwa grisi kidogo ili isigande ndani, lakini kaboni haipakwi grisi kamwe, ina dawa yake yenye chembechembe. Na usipandishe paipu kupita mstari wa kikomo uliochorwa juu yake, hata kwa milimita moja: fremu hupasuka pale.

Kukaza nako kuna kiasi. Soma namba iliyochapishwa kwenye klampu, mara nyingi kati ya 4 na 7 Nm (njutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Bila spana ya kupimia nguvu, shika aleni karibu na kona yake, siyo mwishoni, na ukaze mpaka iwe ngumu, basi. Klampu yenye bolti mbili hukazwa kwa zamu, robo mzunguko hapa, robo kule.

Ikiwa umejaribu urefu, umbali na mwinuko, na mifupa ya makalio bado inawaka, kosa si la mkao. Kiti chenyewe si cha upana wako. Keti juu ya kipande cha katoni kwenye ngazi ngumu, inama mbele kidogo, inuka, kisha pima kati ya vishimo viwili vilivyobaki. Kiti kizidi hapo kwa sentimita 2 hivi.

Ukirudi Karen pima tena zile namba tatu, ziandike upande wa pili wa karatasi pamoja na jina la kaptula na viatu, na ukaze bolti za klampu upya baada ya safari inayofuata, kwa sababu reli huwa zinajikalia.